Nyumba Haifi kwa Uzee: Matembezi Katika Mji wa Kale wa Mombasa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika Uislamu, wazazi wetu na wadogo zetu. Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Maneno haya niliyazungumza mbele ya vijana wenzangu baada ya futari, kisha nikaombwa niyaandike. Nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema. Kwa hivyo msomaji ukiona nazungumza nawe kana kwamba tumekaa barazani, nisamehe.

Najua wengi mlitarajia mada ya saumu au zaka. Mada yangu ni majumba. Nataka nikutembeze katika kisiwa cha Mombasa uyaone majengo ya kale, yanayotumika na yaliyoachwa, halafu nikuulize swali moja. Subira basi, swali litakuja.

Kwa nini nimechagua mada hii?

Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni, na madrasa nimesoma huko huko. Chuo nasoma Nairobi. Likizo ya mwaka wa kwanza nilikuja na wenzangu watatu wa bara ambao hawajawahi kuona bahari. Siku ya pili nikawapeleka Fort Jesus, pale sisi tunapopaita Ngomeni. Juu ya mlango wa ngome kuna jiwe lenye maandishi. Mmoja wao akaniuliza, "Hapo pameandikwa nini?" Nikajibu, "Ni Kireno." Akasema, "Sawa, lakini yasemaje?"

Wallahi sikuwa najua. Nimepita pale tangu nina miaka mitano, nimecheza mpira nje ya ukuta ule, nimekula mihogo ya kukaanga na mabuyu pale, na sikuwahi kujiuliza. Ikabidi mtembeza wageni atuambie sote wanne, na mimi nimesimama kama mtalii.

Jiwe lile liliwekwa na nahodha wa Kireno aitwaye Francisco de Seixas de Cabreira. Anajisifu kwamba akiwa na umri wa miaka 27 alifanywa mkuu wa ngome, kwamba ameitengeneza upya, na kwamba amewatiisha watu wa pwani hii waliokuwa wameasi chini ya mfalme wao dhalimu. Sasa, mfalme huyo dhalimu ni nani? Ni Yusuf bin Hassan, mfalme wa Mombasa. Baba yake aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Yeye akachukuliwa mdogo hadi Goa, kule India, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala kwa niaba yao. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua mkuu wa ngome, akarudi katika dini ya baba zake.

Umeona mambo? Huyo ndiye jiwe linamwita dhalimu. Sisi twapita chini yake kila siku, na hatuna habari kwamba mzee wetu anatukanwa juu ya vichwa vyetu. Asiyejua kusoma mji wake husomewa na wengine, na husomewa vile wanavyotaka wao.

Sasa tutembee

Ukija Mombasa, au kama wewe ni wa hapa hapa na hujawahi, chagua siku moja. Ramadhani wakati mzuri ni baada ya swala ya Asr, jua limepoa, na utafika Magharibi ukiwa karibu na msikiti. Vaa nguo za heshima. Ukitaka kumpiga mtu picha muombe ruhusa kwanza, na usichungulie ndani ya nyumba za watu.

Anza na Ngomeni. Ilijengwa kuanzia 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ina buruji nne kubwa. Ukitazama mchoro wake kutoka juu, utaona kama mtu aliyelala chali. Mwezi wa Machi mwaka 1696 Waomani waliizingira, na haikuanguka mpaka Disemba 1698, karibu miaka mitatu. Tusidanganyane hapa, ndugu zangu. Si kweli kwamba Waislamu wote walikuwa nje na Wareno peke yao ndani. Ndani mlikuwa na Waswahili wengi, na Wareno walipokwisha kwa maradhi, aliyeongoza ulinzi kwa muda alikuwa Bwana Daud, mtu wa Faza. Historia ya kweli haina pande mbili nyepesi kama mechi ya mpira.

Baadaye wakaja watawala wa Kimazrui hadi 1837, alipouchukua mji Seyyid Said wa Oman na Zanzibar. Waingereza wakaifanya ngome kuwa jela kutoka 1895 hadi 1958. Mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Sasa zingatia jambo hili: ngome ile ni ya karne ya kumi na sita, imepigwa mizinga, imekuwa jela, na bado imesimama. Kwa nini? Weka swali hilo mfukoni.

Ukitoka Ngomeni ingia Ndia Kuu. Hii ndiyo njia kuu ya zamani. Inua macho. Sisi tukitembea huangalia simu na vitambulisho vya duka, hatuangalii juu. Juu ndiko kwenye roshani za mbao zilizochongwa. Milango nayo ina nakshi, mingine ya mkono wa Kihindi na mingine ya Kiarabu. Chini kuna mabaraza ya mawe, pale ambapo wazee walikuwa wakikaa jioni kusalimiana na kupeana habari.

Shuka kuelekea bandari ya zamani, upite Leven House. Jina hilo ni la manowari ya Kiingereza, Leven, ya Kapteni Owen. Mwaka 1824 Wamazrui, wakiogopa kuvamiwa na Seyyid Said, walimkubali Owen aweke mji chini ya ulinzi wa Kiingereza. Alimwacha Luteni Reitz awe msimamizi, naye akafa kwa homa mwaka huo huo. Ukisikia Port Reitz, ndiye yeye. Ulinzi wenyewe ulikwisha 1826. Jengo lilichakaa sana, kisha likatengenezwa.

Bandari ya zamani iko pale chini. Majahazi yalikuja na pepo za kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na India, yakileta tende, samli, mazulia na sahani, yakarudi na kusi yakibeba boriti, pembe na nafaka. Kilindini ilipokuwa bandari kuu katika karne ya ishirini, pale pakapoa. Vyombo bado vinakuja lakini vichache. Simama kidogo, sikia harufu ya bahari na samaki. Babu zetu wengi, wakiwemo wa kwangu, waliteremkia pale.

Karibu na hapo kuna msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa mkongwe kuliko yote inayosaliwa katika Mji wa Kale. Watu wa mji husema ulijengwa 1570. Mnara wake si kama ya siku hizi, ni mfupi mnene, unachongoka kwenda juu, umepakwa chokaa nyeupe. Ng'ambo ya njia kuna kisima. Ingia, swali rakaa mbili za tahiyatul masjid. Fikiri watu wangapi wameweka paji la uso hapo kabla yako. Na katika vichochoro hivi hivi ndimo alimokaa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitoa magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah kwa Kiswahili kuwaamsha Waislamu. Sisi tunaoandika majarida kama hili tunafuata nyayo zake, hata kama hatujui.

Yaliyoachwa

Hapo ni palipo hai. Twende sasa kwenye yaliyoachwa, maana hayo ndiyo yanayosema zaidi.

Mji wa kwanza kabisa wa Mombasa haukuwa hapa Ngomeni. Ulikuwa upande wa kaskazini, ule mji wa Mwana Mkisi na Shehe Mvita tunaowasikia katika hadithi za wazee. Miaka ya 1970 wachimbaji wa mambo ya kale walichimba ndani ya uwanja wa hospitali kuu ya Pwani wakakuta mabaki ya makazi ya karibu miaka elfu moja. Wangapi wetu tumepeleka wagonjwa pale, tumekaa kwenye viti tukisubiri daktari, na chini ya miguu yetu kuna mji mzima?

Halafu panda matatu uende Mbaraki, upande wa kusini magharibi mwa kisiwa, karibu na bandari ya Kilindini. Kuna nguzo ya mawe, ndani iko wazi, urefu wake kama mita 14. Mkabala wake kulikuwa na msikiti wa kale, nao uliachwa ukabaki gofu. Na baada ya kuachwa, ndugu zangu, palifanywa nini? Palifanywa mahali pa mizimu. Watu wakaenda na ubani na marashi kuomba haja zao, pahali ambapo wenye kupajenga walimsujudia Mwenyezi Mungu peke yake. Mpaka katika zama zetu msikiti ukajengwa tena, na leo panasaliwa. Alhamdulillahi.

Nguzo ya Mbaraki ilinifundisha jambo moja. Jengo halikai tupu. Watu wema wakitoka, kitu kingine kitaingia. Yaweza kuwa mizimu, yaweza kuwa mateja, yaweza kuwa takataka.

Ni nini kinachobomoa nyumba?

Sasa lile swali la mfukoni. Kwa nini ngome imesimama na nyumba ya jirani yangu, changa mara mbili au tatu kuliko ngome, imeanguka?

Niliuliza fundi mmoja mzee wa chokaa. Akaniambia nyumba za kwetu ni mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na boriti za mikoko. Boriti ndiyo hupima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Kuta zake ni nene, mchana ndani huwa baridi bila feni. Chokaa inapumua. Unyevu ukiingia ukutani, unatoka. Siku hizi watu wanapaka simiti juu yake, unyevu unafungiwa ndani na jiwe linaoza kimyakimya.

"Lakini," akasema, "adui mkubwa si simiti. Ni tundu dogo la paa." Maji ya mvua yakiingia, yanafika kwenye kichwa cha boriti kilichozikwa ukutani. Boriti inaoza pale pasipoonekana. Juu ya ukuta mbegu ya mti inaota, mizizi inapasua mawe. Mwaka wa kwanza tundu lile linazibwa kwa pesa ndogo. Mwaka wa kumi halizibiki. Kwa hivyo nyumba haifi kwa uzee, yafa kwa kukosa mtu wa kupanda juu ya paa.

Hata jumba la kifalme haliponi kwa jina lake. Wenzetu wa Unguja wana Beit al-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, fahari ya mji ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa yake iliporomoka, tena likiwa katika kutengenezwa, na watu wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Jengo likifika kiwango fulani cha kuchoka, hata anayekuja kulitibu huwa amechelewa.

Nyumba yetu

Hapa nitasema la kwetu, na nimeomba ruhusa kwa wakubwa zangu kabla ya kulisema.

Babu yangu aliacha nyumba Kibokoni. Ghorofa moja, mlango wa nakshi, baraza mbili. Alifariki kabla sijaanza shule. Mirathi haikugawanywa. Si kwa ubaya, hapana. Watu walisema, "Aah, sisi ni ndugu, tugawane nini na bibi yenu yuko ndani?" Ami mmoja yuko Muscat, shangazi wawili wameolewa, baba yangu na ami mwengine wako hapa. Wengine wakafariki, warithi wakazaliwa juu ya warithi. Paa likavuja. Baba akasema, "Nitatengeneza vipi peke yangu nyumba ya watu wote?" Ami naye akasema hivyo hivyo. Shangazi wakasema, "Sisi wanawake hatukuulizwa." Kila mmoja alikuwa na haki katika nyumba, na hakuna aliyekuwa na wajibu.

Mwaka juzi, usiku wa mvua za masika, dari ya chumba cha nyuma ilianguka. Ni chumba ambacho bibi alikuwa akilala. Usiku ule alikuwa sebuleni kwa sababu ya joto. Alhamdulillahi. Asubuhi tukamhamishia kwa shangazi Kisauni, na nyumba ikafungwa kufuli. Likizo iliyofuata nilipokwenda kumsalimia bibi, nikamkuta ameshika ufunguo mkononi. Nikamuuliza, "Bibi, ufunguo wa nini na hatukai kule?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, nyumba isiyofunguliwa hufunguliwa na wengine." Nikaikumbuka Mbaraki.

Ndipo nilipofahamu kitu ambacho nilikisoma madrasani nikakihifadhi kwa ajili ya mtihani tu. Mwenyezi Mungu hakuiacha mirathi kwa hiari zetu. Katika Sura ya An-Nisaa amepanga mafungu mwenyewe, mwanamume na lake, mwanamke na lake, kiwe kidogo au kingi. Sisi twajifanya na huruma zaidi, tunaahirisha kwa jina la undugu, na mwisho wake undugu wenyewe unaporomoka pamoja na dari. Fungu la shangazi yangu si fadhila ya kaka zake. Ni amana. Anayeishi ndani ya nyumba isiyogawanywa, au anayeifunga akakaa kimya, na ajiulize anakula haki ya nani.

Ramadhani hii, baada ya tarawehe, jamaa walikaa. Ami wa Muscat alikuwa kwenye simu. Pakawa na maneno makali, sitaficha. Wengine wanataka kuuza, maana wanunuzi wa nyumba zile wapo na pesa ni nzuri. Wengine hawataki hata kusikia. Lakini mawili yalikubaliwa. La kwanza, paa lizibwe kabla ya mvua zijazo, kila mwenye fungu atoe kadiri ya fungu lake, shangazi pia, na neno lao lihesabiwe. La pili, jambo lipelekwe kwa Kadhi, maana katiba yetu ya 2010 imempa kazi hiyo, mafungu yaandikwe. Kuuza au kutouza kutaamuliwa na wenye haki baada ya kila mmoja kuijua haki yake. Huenda nyumba ile ikatutoka. Itaniuma. Lakini bora itutoke kwa haki kuliko ituangukie kwa dhulma.

Swali langu kwako

Basi hili ndilo swali niliyokuahidi. Kwenu, paa la nani linavuja na kila mtu amesema si langu peke yangu?

Nakuomba mambo manne mepesi kabla ya Idi.

Moja, fanya matembezi haya na mdogo wako, au na mzee wako kama miguu inamruhusu. Muache yeye akuongoze. Mimi nilijifunza na bibi mchana mmoja kuliko na kitabu kizima. Alinionyesha baraza ambayo posa yake ilizungumzwa.

Pili, waulize wazee wenu majina. Nyumba hii ilikuwa ya nani, kisima hiki nani alikiweka wakfu, kichochoro hiki kiliitwaje. Andika, weka tarehe. Wakfu mwingi umepotea kwa sababu tu mashahidi walikufa na hakuna aliyeandika.

Tatu, kama kuna mirathi ya kwenu iliyolala, ianzishe kwa adabu. Usiende na sauti ya juu kwa ami zako. Mpate mzee mwenye hekima, au sheikh wa mtaa, akufungulie mlango. Ramadhani nyoyo ni laini, tumia nafasi hiyo.

Nne, kama nyumba yenu ni ya mawe ya kale, kabla ya masika panda ukaangalie paa, ung'oe miti iliyoota ukutani ikiwa bado michanga, na muulize fundi wa chokaa kabla ya fundi wa simiti.

Mwenyezi Mungu ametuhimiza tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Kutembea huko si kwa ajili ya kupiga picha peke yake. Ni ili tujue na sisi tutaacha nini, na kitaanguka juu ya nani.

Namuomba Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu, awarehemu wazee wetu waliojenga, atusamehe sisi tulioacha kutengeneza, na atujaalie kuzirudisha amana kwa wenyewe kabla hatujaitwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.